Mkono wa Kushoto Uliofutwa Kazi: Historia ya Skuta na Kwa Nini Kitisuru Tunaanguka Tukienda Polepole

Leo tuongee polepole, kwa sababu mada yenyewe ni polepole.

Kwenda mbio na nduthi si kazi. Chukua pikipiki yoyote iliyo sawa, ipeleke kilomita 60 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, na utaona inajishikilia yenyewe. Magurudumu yakizunguka kwa kasi chombo kinajinyoosha, na wewe uko pale juu kama abiria mwenye usukani. Kazi inaanza ukishuka chini ya kama kilomita 15 kwa saa. Hapo mashine inaacha kukusaidia. Na hapo ndipo maisha yote ya Nairobi yako: geti, bampu, mama anayevuka na mtoto, mathree imesimama ghafla, abiria wako anajipinda nyuma akitafuta simu mfukoni.

Sasa ongeza uzito. Toka kwa Boxer ya kawaida, panda skuta kubwa ya otomatiki yenye kilo 200. Barabarani ni sofa. Getini ni ng'ombe aliyekataa kuingia zizini.

Maoni yangu ni haya. Ustadi wa kwenda polepole haujawahi kuja na mashine. Kila mara kiwanda kilipofanya pikipiki iwe rahisi kuanza, kiliondoa kazi fulani mkononi mwa dereva, hasa mkono wa kushoto. Nchi nyingine ziliona hilo zikaamua kufundisha. Sisi tulipata mashine, somo halikuja. Stori ni ndefu kidogo, kwa hivyo tuanze na mahali.

Kwanza, hizi barabara

Ukitoka Westlands ukifuata Lower Kabete Road, upite Spring Valley, halafu uingie Kitisuru, utagundua ramani ya pale haikuchorwa kwa rula. Barabara inafuata mgongo wa kilima, inadondoka bondeni kwa kona kali, inavuka kamto, inapanda tena upande wa pili. Si ati injinia alikuwa analala. Upande huu wote wa Nairobi kuelekea Kabete na Kiambu ni migongo na mabonde. Ilikuwa ardhi ya Wakikuyu, halafu ukoloni ukaja, halafu kahawa.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mapadri wa misheni ya St. Austin's walipanda kahawa nje kidogo ya mji, na baada yao walowezi wakaisambaza kwenye miteremko ya Kabete na Kiambu. Kahawa ina tabia zake. Miche inapenda mteremko wenye udongo mwekundu, lakini kiwanda cha kuimenya kinahitaji maji, kwa hivyo hukaa karibu na mto. Njia za shamba la kahawa basi ni za aina mbili: moja inatembea mgongoni, nyingine inashuka mtoni. Zilitengenezwa kwa mikokoteni na magunia. Hakuna aliyefikiria skuta.

Baadaye mashamba yakakatwa vipande vya nyumba. International School of Kenya, kwa mfano, ilianza mwaka 1976 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Mageti yakafuata, ua mrefu, nyaya za umeme, kabro kwenye kila mlango. Lakini barabara nyingi zilibaki na umbo la njia za shamba: nyembamba, za kupindapinda, na sehemu nyingi hazina njia ya watu wa miguu.

Na watu wa miguu wapo. Kila asubuhi masoja, kina mama wa kufua na watunza bustani wanatembea pembeni mwa lami, wengine wakitoka Kangemi, wengine Mwimuto. Kwa hivyo nikisema mtu hajui kugeuza skuta yake polepole, usidhani naongea kuhusu aibu ya kuangusha kitu cha bei mbele ya soja. Naongea kuhusu mguu wa mtu ambaye hana bima, hana geti, na hakuwa anaenda popote isipokuwa kazini.

Nyigu wa Pontedera

Tarehe 23 Aprili 1946, kampuni ya Piaggio ya Italia ilisajili hati ya uvumbuzi wa chombo kipya. Vita vilikuwa vimeisha, kiwanda chao cha ndege kule Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu, na Italia haikuwa inanunua ndege tena. Watu walihitaji kitu cha kuwapeleka kazini. Enrico Piaggio akampa kazi Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege aliyekuwa ameshatengeneza helikopta miaka ya 1930. D'Ascanio hakuzipenda pikipiki: chafu, zina mnyororo wa mafuta, na ukipata pancha unateseka.

Kwa hivyo alitengeneza kitu kisichofanana nazo. Injini aliificha nyuma. Mbele aliweka kinga ya miguu, ili hata mtu aliyevaa sketi au suti apande bila kuchafuka. Gurudumu la mbele alilishika upande mmoja tu, kama la ndege. Tumbo nene, kiuno chembamba, sauti ya kuvuma: wakaiita Vespa, yaani nyigu.

Lakini cheki mkono wa kushoto. Kwenye Vespa ya kwanza mkono huo ulikuwa na kazi mbili kwa pamoja: unabana klachi, halafu unazungusha mpini kubadilisha gia. Ulikuwa mkono wenye shughuli. Na klachi, kwa yeyote aliyewahi kuendesha gari la manual akasimama kwenye mlima, ndiyo chombo cha polepole. Driving school zetu zina neno lake: kubalansi. Unaachilia klachi nusu, gari linataka kwenda lakini haliendi, linatetemeka pale pale kama linangoja ruhusa. Kwenye pikipiki ni hivyo hivyo. Ile nusu ya klachi ndiyo inakuwezesha kwenda kama konokono bila injini kuzima na bila kuruka mbele.

Muuza tambi wa Tokyo

Agosti 1958, Honda ikatoa Super Cub. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka kitu ambacho hata kijana wa kupeleka tambi za soba angeweza kuendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umebeba sinia. Kwa hivyo waliondoa klachi mkononi kabisa. Ndani ya injini waliweka klachi inayojishika yenyewe mzunguko ukiongezeka. Gia unabadilisha kwa mguu. Mkono wa kushoto uko huru, beba tambi zako.

Dunia iliipenda. Kufikia mwaka 2017 Honda ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 100 za familia ya Super Cub, na hakuna chombo kingine cha injini kilichowahi kufikisha idadi hiyo. Na kwa kweli haikuwa na shida kubwa ya polepole, kwa sababu moja rahisi: ilikuwa nyepesi, kama kilo 55. Ikitaka kuanguka unaweka mguu chini, mnaendelea na maisha.

Weka hiyo akilini. Uvumbuzi ulioondoa klachi ulifanyika kwenye chombo ambacho mtu mzima angeweza kukishika kwa paja lake. Uzito ulikuja baadaye.

Kutoka Pune hadi Busia

Huku kwetu stori ina njia mbili. Ya kwanza inapitia India. Bajaj, kampuni ya Pune, ilipata leseni ya Piaggio ya kutengeneza Vespa India, na baadaye mwaka 1972 ikatoa skuta yake, Chetak. Skuta za Italia na za India zilifika Pwani na miji yetu hadi jina la kampuni likawa jina la kitu. Zanzibar mpaka leo skuta ni vespa, hata kama imetoka Japani. Na ile ya magurudumu matatu, ambayo asili yake ni Ape ya Piaggio ya mwaka 1948, Watanzania wanaiita bajaji. Sisi tunaiita tuktuk.

Njia ya pili ni yetu wenyewe, na haina injini. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana wa miaka ya 1960 na 1970 walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kuvuka ile nafasi ya kati ambapo magari hayakupita bila makaratasi. Walikuwa wakiita wateja kwa kutaja mpaka, boda, boda, na jina likashika.

Mimi nadhani huyo msee wa baiskeli hatujampa heshima yake. Fikiria: abiria mzima kwenye keria, gunia la mahindi siku nyingine, barabara ya vumbi, hakuna injini, na mwendo wa kutembea. Alikuwa bingwa wa polepole. Hakuwa na chaguo. Ustadi huo ulikuwepo Kenya, mgongoni na miguuni mwa watu wa Magharibi, kabla ya nduthi kujaa.

Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za injini chini ya 250cc. Zikamiminika. Bajaj ileile iliyoanza na Vespa sasa ilikuwa inatuletea Boxer, na ndani ya miaka michache kila stage ya nchi ilikuwa na safu yake. Maelfu ya vijana wakapata kazi, na hilo si jambo dogo. Lakini mafunzo yalikuwa ni msee kumfundisha msee. Leo jioni unaonyeshwa gia, kesho asubuhi unabeba mtu.

Hilo la kufundishana si letu peke yetu. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, wakiongozwa na Harry Hurt, walitoa ripoti ya ajali za pikipiki Los Angeles. Walikuwa wamechunguza ajali 900 pale pale zilipotokea. Asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika hawakuwa na mafunzo rasmi: walijifundisha, au walifundishwa na familia na marafiki. Hiyo ni Marekani, nchi yenye barabara na pesa. Kwa hivyo msiniletee ile ya "shida ni sisi Waafrika". Shida ni mashine kuja bila mwalimu.

Skuta inanenepa

Turudi kwa otomatiki. Wazo la kubadilisha gia bila gia, kwa mkanda unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, lilikuwepo kwenye skuta za Salsbury kule California tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini lilikaa kwenye vyombo vidogo kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Honda ikatoa skuta ndefu ya 250cc, mtu anakaa kama kwenye kochi. Yamaha ikaja na Majesty mwaka 1995. Suzuki ikaleta Burgman mwaka 1998. Mwaka 2001 Yamaha TMAX ya 500cc ikaingia sokoni, karibu kilo 200, na muda mfupi baadaye Burgman ya 650cc, zaidi ya kilo 230 hata kabla hujatia mafuta.

Yaani teknolojia ya mbeba tambi ikawekwa kwenye mwili mara nne ya uzito wa Super Cub.

Ndani yake kinachotokea ni hiki. Injini ikiwa inanguruma tu, pedi za klachi zimelala, hazigusi kitu, na skuta haisukumwi na chochote. Ukivuta mafuta kidogo, mzunguko unaongezeka, pedi zinarushwa nje na zinashika. Ukiachilia mafuta kabisa ukiwa polepole sana, zinaachia tena. Na hapo ndipo mtu anaanguka. Uko katikati ya kona ya geti, umelaza skuta kidogo, unaogopa, unafunga mafuta. Klachi inaachia. Nguvu iliyokuwa inakushikilia imeenda, kilo 200 zinabaki, na zinaenda chini.

Kuna mtego wa pili, na huu ni wa wale wanaotoka kwenye Boxer. Kwenye Boxer mkono wa kushoto ni klachi, breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Kwenye skuta ya otomatiki mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Msee ana miaka mitano ya mazoea. Anafika kwenye kona, akili inamwambia bana klachi, mkono unabana kwa nguvu zote, na skuta inasimama wima katikati ya kona kabla mguu haujafika chini. Ustadi wake wa zamani ndio umemwangusha.

Kwa hivyo mkono wa kushoto ulifutwa kazi mwaka 1958, ukarudishwa kazini kwenye cheo kingine, na hakuna aliyeandikiwa barua.

Wajapani na ubao wao

Wajapani, ambao ndio waliotengeneza nyingi ya hizi mashine, walijua. Mtihani wao wa leseni ya pikipiki una kitu kinaitwa daraja la ubao mmoja: njia iliyoinuliwa kidogo, urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30. Unapita juu yake bila kushuka. Na tofauti na mitihani mingine yote maishani, hapa ukiwahi unapoteza. Pikipiki ya kawaida lazima utumie sekunde 7 au zaidi. Pikipiki kubwa, sekunde 10 au zaidi. Piga hesabu: mita 15 kwa sekunde 10 ni kilomita 5.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwenda dukani.

Hawakuwa na mchezo. Kuanzia mwaka 1975 ukitaka kuendesha chombo cha zaidi ya 400cc ulifanya mtihani mgumu moja kwa moja kwenye kituo cha mitihani ya leseni cha polisi, na wengi walianguka mara nyingi. Mwaka 1996 ndipo shule za udereva ziliruhusiwa kufundisha leseni hiyo. Mwaka 2005, skuta kubwa zilipokuwa zimejaa, Japani ilianzisha leseni ya otomatiki pekee. Na sasa sikiza vizuri: walikuondolea klachi, lakini ubao hawakuuondoa. Skuta yako haina gia? Sawa. Bado utapita pale juu polepole.

Uingereza nayo, mwaka 2009, ilitenga sehemu ya kwanza ya mtihani wa pikipiki ifanyike kwenye uwanja uliofungwa: kupita kati ya koni, kuchora namba nane, kugeuza kabisa kwenye nafasi ndogo, kwenda mwendo wa kutembea. Ukishindwa hapo hufiki barabarani.

Ukicheki vizuri, hizo nchi mbili hazikufundisha watu uoga. Zilikubali jambo moja tu: mtu anayeweza kudhibiti chombo kikiwa karibu kusimama, ameelewa chombo. Mbio utajifunza njiani.

Na sisi je?

Kenya ilipata NTSA kwa sheria ya mwaka 2012. Leseni zetu sasa zina madaraja ya pikipiki, na kofia na jaketi la kuakisi vinatajwa kwenye sheria. Hayo ni mema. Lakini muulize Mkenya yeyote akuambie anachokumbuka kuhusu mtihani wa udereva, atakutajia ile bodi ya mji wa mfano yenye vigari vya kuchezea. Tumejifunza kusukuma kigari kwenye mzunguko wa plastiki. Usawa haupimwi kwa kidole.

Na mambo yanakuja haraka. Kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 ikiitwa Opibus, ilizindua pikipiki yake ya umeme, Roam Air, mwaka 2022. Ampersand ya Kigali iko hapa. Spiro iko hapa. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme kule Mombasa. Mimi niko upande wa umeme kabisa, hewa ya Waiyaki Way inajulikana. Lakini pikipiki ya umeme haina klachi. Haina hata sauti ya kukuonya inapotaka kuruka. Nguvu yote iko pale kuanzia sifuri, na betri ni mzigo.

Kwa maneno mengine, tatizo la skuta kubwa, ambalo leo ni la wachache wanaopita Lower Kabete Road wakienda ofisini, kesho ni la kila msee wa delivery na kila boda. Nchi nzima inahama kutoka kwa klachi. Na tunahama vilevile tulivyofanya 2008: mashine kwanza, somo Mungu akipenda.

Sasa fanya hivi

Sitaki kuwaacha na malalamiko tu. Haya ni mambo yanayofundishwa kwenye viwanja vya mazoezi, na hayahitaji pesa. Tafuta sehemu tupu ya lami, omba ruhusa, nenda Jumapili asubuhi mapema. Vaa helmeti, glavu, viatu vinavyofunika kifundo. Hata kama unaenda kilomita 5 kwa saa. Lami haiulizi spidi.

1. Tafuta pale klachi inaposhika. Bana breki ya nyuma, vuta mafuta kidogo sana, usikie skuta ikijisogeza mbele kama mbwa anayevuta kamba. Achia. Rudia mara chache, usikae hapo mpaka klachi iwake moto. Pointi hiyo ndiyo kubalansi yako mpya.

2. Mkono wa kulia utulie, wa kushoto ufanye kazi. Shikilia mafuta kidogo bila kubadilisha, halafu punguza mwendo kwa kubana breki ya nyuma taratibu. Usifunge mafuta. Injini inasukuma, breki inazuia, na katikati ya hao wawili skuta inasimama imara. Hii ndiyo siri yote, wasee. Ile nusu ya klachi ya babu yako sasa inaishi kwenye breki ya nyuma.

3. Sahau breki ya mbele ukiwa umekata usukani. Kwenye mwendo wa kutembea, usukani ukiwa umepinda, breki ya mbele inakulaza chini papo hapo. Vidole viwe mbali nayo mpaka unyooke.

4. Chora ubao wako. Chaki, mita 15, sentimita 30. Simu ihesabu sekunde. Ukifika 7, tafuta 10.

5. Geuza kichwa, si macho tu. Ukigeuza kwenye nafasi ndogo, kidevu kielekee unapotaka kutokea. Ukiangalia ukuta, utaenda ukutani. Laza skuta chini yako, mwili wako ubaki wima, uzito ukiegemea upande wa nje wa kona.

6. Kwenye mteremko wa geti wenye kabro, maliza kupunguza mwendo kabla ya kukata kona. Kabro iliyolowa na majani ya miti ya Kitisuru ni sabuni.

7. Ikishapita ile pointi ya kuanguka, iache. Chuma kinatengenezwa, goti ni stori nyingine. Kuinua, ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani na sehemu imara ya nyuma, sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza, isije ikapitiliza upande wa pili.

Baada ya hapo weka mzigo. Baada ya mzigo weka abiria anayekuamini. Kwa mpangilio huo.

Mwisho

Najua kuna mtu atasema hii ni mada ya watu wa Kitisuru wenye pesa za skuta kubwa. Hapana. Mwenye pesa akianguka ana bima na ana fundi. Anayelipa bei kamili ni yule wa delivery ambaye chombo ni cha mkopo na kila siku ya garini ni deni, na yule mama anayetembea pembeni mwa barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya kahawa.

Kitu ninachoomba si kikubwa. Mita 15 za lami na ubao uliochorwa rangi, kwenye kila mahali pa kufanyia mtihani wa pikipiki hapa nchini. Kampuni zinazouza nduthi za umeme zimpe kila mnunuzi asubuhi moja ya mazoezi ya polepole kabla hajakabidhiwa funguo. Na wewe mwenyewe, kabla hujatuposti ukipiga 120 kwenye Northern Bypass, tuonyeshe sekunde 10.

Wazee wa baiskeli wa Busia waliweza, na walikuwa wamebeba gunia.